Bundi Akilia Juu ya Paa, Mwamini Afanye Nini?

Masomo: Zaburi 102:6, Luka 12:6-7

Wiki hii tuongee juu ya ndege ambaye wengi wetu hatupendi hata kumtaja usiku. Swali langu ni moja: mtu aliyeokoka, bundi akilia juu ya paa lake, ana haki ya kumpiga mawe?

Wengi mtasema, "Pasta, huyo analeta kifo." Haya, tufikiri pamoja. Bundi hulia usiku mwingi, lakini sisi tukiwa tumelala fofofo hatumsikii. Nyumba yenye mgonjwa haina usingizi. Watu wanakesha, na ndio wanaomsikia. Mgonjwa akifariki, lawama inamwendea ndege aliyekuja kutafuta panya tu.

Mwingine atafungua Walawi 11 aniambie bundi ni najisi. Ni kweli, lakini soma vizuri. Waisraeli walikatazwa kumla, hawakuagizwa kumwua. Tena katika Zaburi 102, mtu aliye katika mateso anamwomba Mungu na kujifananisha na bundi wa mahameni. Hakuona mkosi pale, aliona mpweke mwenzake.

Na hofu hii haiishii kwa ndege. Leo tunauliza bundi amefuata nini hapa, kesho tunauliza ametumwa na nani. Hapo ndipo nyanya wa jirani anaanza kutazamwa vibaya. Kule Kisii na Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Kwa hivyo siwezi kuliita jiwe hilo kitu kidogo.

Sasa, ukimkuta bundi ameanguka amevunjika bawa, utafanya nini? Kwanza mtambue. Mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo ni bundi wa ghalani. Kule milimani yuko mwingine mkubwa, macho ya rangi ya chungwa, na manyoya mawili yamesimama kichwani. Hizo si pembe za shetani, wala si masikio. Masikio yake yamefichwa ubavuni mwa kichwa. Mfunike kwa kitambaa ukijihadhari na kucha zake, mtie kwenye katoni yenye matundu, mweke mahali penye giza na kimya. Usimpe maziwa wala mkate. Kisha pigia KWS. Naivasha kuna watu wa Kenya Bird of Prey Trust ambao kazi yao ni kutibu ndege kama hawa.

Jambo moja katika kazi hiyo linanifundisha. Kinda likilelewa na watu tangu dogo laweza kujiona mtu, na kurudi porini kukawa shida. Kwa hivyo wanaomtibu vizuri hawamfanyi wa kuchezea. Wanamponya ili aende zake, na hatarudi kusema asante. Je, si huruma ya namna hiyo Bwana alituonyesha sisi?

Yesu alisema shomoro wauzwao kwa bei ya chini hivyo, hakuna hata mmoja anayesahauliwa na Mungu. Basi siku zangu ziko mkononi mwa Bwana, haziko mdomoni mwa ndege. Bundi akilia usiku wa leo, amka umwombee mgonjwa wako, umpe maji, umshike mkono. Huyo wa juu ya paa mwache awinde panya wake. Mbarikiwe.