Ilijiunga Yenyewe, Ikaambukizwa Yenyewe

Agosti 11, 2003, kompyuta za watu katika nchi nyingi zilianza kuonyesha kisanduku kidogo katikati ya skrini. Kilimtaka mwenye kompyuta ahifadhi kazi yake kwa sababu mfumo unazimwa, na sekunde zikahesabiwa kurudi nyuma kuanzia 60. Zikiisha, kompyuta inajizima na kuwaka upya. Ukikaa kidogo, kisanduku kinarudi.

Kirusi kilichofanya hayo kilipewa jina la Blaster. Kilishambulia Windows XP na Windows 2000, wala hakikungoja mtu afungue barua pepe au abofye chochote. Kompyuta isiyo na kinga ilihitaji tu iwe imewashwa na iwe kwenye intaneti. Ndiyo maana kisa hiki kinatuhusu sana sisi tunaopenda mashine ya nyumbani ijiunge yenyewe mara inapowashwa.

Na nani asiyependa urahisi huo? Enzi za modemu na simu ya mezani, mtu alichukua aikoni ya muunganisho wake, akaiweka kwenye folda ya Startup, akaondoa alama ya kuulizwa nywila kila mara, kazi kwisha. Ukiwasha kompyuta ukaenda kuinjika chai, ukirudi unakuta umeshaunganishwa. Waliokuwa na intaneti ya DSL walikaa hewani muda wote bila hata kupanga.

Tatizo lilikuwa kile ambacho hakikuwashwa. Windows XP ilikuwa na faiwoli yake ya kuzuia wageni wa mtandaoni, lakini ilitoka kiwandani ikiwa imezimwa, na wengi hawakujua kama ipo. Hata aliyeiwasha, kama kompyuta yake ilikuwa kwenye mtandao muda wote, alibaki na upenyo mdogo: wakati mashine inawaka, mtandao ulianza kufanya kazi kabla ya faiwoli. Mlango unafunguliwa, mlinzi bado anavaa viatu.

Sasa fikiria yaliyompata aliyepanga kompyuta yake ijiunge yenyewe. Inajizima, inawaka, inajiunga, inapigwa tena. Anataka kupakua dawa, lakini modemu inavuta polepole na sekunde 60 hazimngoji. Waliojua waliandika amri ya shutdown -a ili kusimamisha hesabu ile. Wengine walichomoa waya wa mtandao, wakatulia, wakawasha faiwoli, ndipo wakarudi hewani. Kirusi chenyewe kilikuwa kimejipachika kwenye orodha ya programu zinazoanza pamoja na kompyuta, kikijiita windows auto update. Mtu angeliona jina hilo angedhani ni rafiki.

Kinachoniumiza katika kisa hiki ni jinsi dalili zilivyokuwa wazi. Microsoft ilitangaza kasoro ya Windows ambayo Blaster ilipitia, na kutoa kiraka cha kuiziba, Julai 16, takriban wiki nne kabla. Kabla mwezi huo haujaisha, msimbo wa kuitumia kasoro hiyo ulikuwa umeshazagaa mtandaoni, na Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ikatoa tahadhari kwa umma. Kwenye kompyuta nyingi, pembeni mwa saa, kulikuwa na alama ndogo ikisema masasisho yako tayari. Watu waliiona, wakasema kesho. Tusiwacheke. Mimi na wewe tunaisogeza alama kama hiyo kila wiki, hasa tukiwa na kazi ya haraka.

Mwaka uliofuata, Agosti 2004, Microsoft ilitoa Service Pack 2, furushi la masasisho ya Windows XP. Faiwoli ikawa inawashwa bila kuombwa, na ule upenyo wa wakati wa kuwaka ukazibwa. Sisi watumiaji tulichelewa zaidi kujifunza: Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupitia kasoro ambayo kiraka chake kilitolewa Machi.

Kwetu kuna mtego mwingine, nao ni bando. Laptopu inajiunga yenyewe na hotspoti ya simu, masasisho yanaanza kushuka, na kifurushi cha wiki kinaisha kabla ya jioni. Kwa hasira, mwenye nayo anaiambia Windows kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo, na masasisho mengi yanaacha kushuka. Ameokoa fedha, sawa, na namwelewa kabisa. Lakini kila asubuhi kompyuta inaendelea kuingia mtandaoni yenyewe, na viraka vinazidi kulimbikizana bila kuwekwa. Kama bando ni la taabu, tafuta siku moja kila mwezi, uende penye Wi-Fi unayoiamini, uache vyote vishuke.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujaweka alama ya kujiunga kiotomatiki, fungua kwanza mipangilio ya usalama uone kama faiwoli imewashwa. Kisha weka masasisho yote, uwashe upya, ndipo uiruhusu kompyuta ijiunge. Na angalia ni Windows gani unayotumia. Masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 yalikoma Oktoba 14, 2025. Kama yako ni hiyo, anzia hapo.