Je, Ni Halali Kutembea na Bastola Iliyofichwa?



Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikimbia vita vya Kivu angali mtoto. Alikaa kambini miaka mingi, mwishowe akapelekwa Marekani. Leo anakaa katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky, mahali palipo na Wakongo wengi. Kazi yake ni ya usiku, katika ghala. Ameniletea barua, na ndani yake mna swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile ile niliyoipokea. Aliandika hivi: "Kaka, wenzangu wa kazini wamenifundisha kulenga shabaha kwa bastola, nami nimeupenda mchezo huo. Sasa wananiambia ninunue yangu mwenyewe na kuivaa kiunoni chini ya shati, kwa kuwa narudi nyumbani saa nane ya usiku. Je, nikifanya hivyo natenda dhambi?"

Niliwasomea swali hilo watu wangu wa somo la Alhamisi. Vijana walicheka. Mama mmoja alikasirika, akasema kwamba mtoto aliyekimbia risasi hana haki ya kuzinunua. Mzee mmoja alisema tu, "Bunduki ni bunduki." Nawaelewa wote. Sisi wa huku tumeiona bunduki mikononi mwa askari na waasi tangu mwaka 1996, na kabla ya hapo tuliijua gobori ya mwindaji. Bunduki ya mchezo hatukuijua. Lakini mtu akitaka kuhukumu jambo, sharti kwanza alitazame lilivyo, wala si lile analoliogopa yeye.

Basi tuanze na mchezo. Kulenga shabaha ni kati ya michezo ya Olimpiki tangu ile ya kwanza ya Athens, mwaka 1896. Katika bastola ya hewa mchezaji husimama mita 10 mbali na shabaha, na duara la katikati, lile la alama kumi, lina upana wa milimita 11 na nusu, yaani si kubwa kuliko ukucha wa kidole. Hupiga mara 60 katika muda wa dakika 75. Mwaka 2024 huko Paris, Mturuki mmoja aitwaye Yusuf Dikeç, mtu wa miaka 51, alishangaza dunia nzima kwa kusimama pale mkono mmoja mfukoni, bila vyombo vingi usoni, akapata medali ya fedha pamoja na mwenzake wa kike. Nani atasema kwamba mtu huyo alimkosea jirani yake? Alishinda pumzi yake na mapigo ya moyo wake, basi.

Mchezo wa mdogo wangu ni wa namna nyingine, nao wafaa kuelezwa, kwa maana humo nimejifunza neno. Ni mashindano ya bastola za risasi za kweli, ambayo chama chake cha mataifa kilianzishwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri. Mchezaji hutembea na hata kukimbia kutoka shabaha hata shabaha. Nyingine ni za karatasi, nyingine vyuma vinavyoanguka vikipigwa. Saa ndogo hulia kuanzisha mbio, kisha husikia kila mlio wa risasi. Alama zake hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Mwenye haraka asiyelenga hupata kidogo, na mwenye kulenga sana bila haraka hupata kidogo pia.

Lakini tazameni sheria zao. Mtu afikapo uwanjani, bastola yake haina risasi, nayo hukaa katika ala kiunoni. Haruhusiwi kuitoa mpaka msimamizi amwamuru. Iko meza moja tu ambapo aweza kuitoa ili aitazame, na juu ya meza hiyo asiguse risasi hata moja. Akikimbia, kidole kiwe nje ya kifyatulio. Tena uko mstari usioonekana, unaopita mabegani mwake kutoka kushoto hata kulia. Mdomo wa bastola usiuvuke kamwe kurudi nyuma, waliko watu. Akiuvuka, hata kwa nafasi ya kukonyeza jicho, hata kama hakupiga risasi, mchezo wake wa siku hiyo umekwisha. Bingwa na mgeni ni sawa. Hawaulizi kama alikusudia. Na mgeni akija mara ya kwanza, hawamwambii apige upesi. Humwambia aende polepole, na kwamba akimaliza bila kuondolewa amefanya vema.

Nakiri kwamba nilipoyasoma hayo niliona haya. Ni mara ngapi sisi tumeacha panga mlangoni watoto wakicheza? Katika mchezo huu, basi, sioni dhambi, maadamu mtu halipotezei chakula cha watoto wake. Bastola ni ghali, na risasi huisha upesi.

Lakini swali la mdogo wangu si la mchezo tu. Aliuliza juu ya kuivaa barabarani, iliyofichwa. Jambo hili laweza kuwashangaza wengi wenu, kwa hiyo nitaeleza sheria ya huko. Nyongeza ya pili ya katiba ya Marekani, iliyokubaliwa mwaka 1791, yataja haki ya watu kuwa na silaha na kuzichukua. Juu ya maneno hayo wamebishana kwa vizazi. Majimbo mengi yaliweka ruhusa: mtu aliyetaka kubeba bastola chini ya nguo alipeleka maombi kwa wakubwa, akachukuliwa alama za vidole, akachunguzwa kama ana makosa, na mara nyingi akafundishwa kwa saa kadhaa. Jimbo la New York lilidai zaidi, kwamba mwombaji aonyeshe sababu ya pekee. Mwezi wa Juni 2022 Mahakama ya Juu ya nchi iliivunja sheria hiyo. Vermont haikudai ruhusa wakati wo wote. Majimbo mengine yaliifuata moja moja, hata mwaka 2024 yalifikia 29 yasiyomdai mtu mzima cheti ili abebe bastola iliyofichwa, maadamu sheria haimkatazi kuwa na silaha.

Kentucky ni mojawapo, tangu mwaka 2019. Mdogo wangu, kwa kuwa amepita miaka 21, aweza kununua leo na kuivaa kesho. Cheti bado hutolewa kwa anayekitaka, nacho kina mtihani: mwanafunzi hupiga risasi 20 akiwa yadi saba kutoka sanamu ya mtu, yaani mita sita na kidogo, na akiigusa mara 11 amefaulu. Nilihesabu. Zabaki tisa. Katika uwanja wa shabaha zile tisa huingia katika kilima cha udongo nyuma. Katika barabara ya Lexington, saa nane ya usiku, nyuma ya mwizi hakuna kilima cha udongo. Iko nyumba ya mtu.

Mwaona, ndugu zangu, kwamba sheria ya nchi imemwacha huyu kijana peke yake na dhamiri yake. Mtu asidhani kwamba jambo lisilokatazwa na serikali limekwisha kuwa jema. Serikali huuliza, "Je, waweza kuibeba?" Dhamiri huuliza, "Waibebea nini?"

Juu ya hilo twaweza kumsikiliza Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, kabla ya kuwako bastola. Yeye aliuliza kama ni halali mtu kumwua mwingine akijikinga nafsi yake. Mafundisho yake, kwa kifupi, ni kwamba tendo moja laweza kuzaa mambo mawili: moja ambalo mtu alilikusudia, na jingine lililokuja kando ya kusudi lake. Mwenye kujikinga akusudia kuulinda uzima wake; mshambulizi akifa kwa tendo hilo, kifo hicho si kusudi lake. Kwa hiyo si haramu, walakini kwa sharti: asitumie nguvu kupita zinazohitajiwa. Akizidisha, amekosa. Tena mtu asiye na mamlaka asikusudie kuua ili ajikinge.

Hapa yupo atakayesema: "Mwalimu, anayevaa bastola kila siku, na kufanya mazoezi kila Jumamosi, amekwisha kukusudia." Ni neno zito, nami nalikubali nusu. Walimu wa bastola wa huko huwafundisha watu kwamba hupigi ili kuua. Wapiga ili kuzuia, na mtu akianguka au akikimbia, waacha. Maneno hayo yakaribiana sana na ya Mtakatifu Tomaso, ijapokuwa nadhani wengi wao huyasema kwa kuogopa mahakama. Lakini kusudi halikai mdomoni. Mtu aweza kurudia maneno hayo huku moyoni akitamani siku ya kuonyesha uhodari wake. Mtu huyo, hata asipoitoa bastola yake maisha yake yote, moyo wake umepotoka.

Nisiwafiche upande wa pili, kwa maana wenye kutetea silaha wana jambo la kweli. Tarehe 29 Desemba 2019, katika mji wa White Settlement, jimbo la Texas, mtu mmoja alisimama katikati ya ibada, akatoa bunduki aliyoificha nguoni, akawaua waumini wawili. Mlinzi wa kujitolea, aliyekuwa mwalimu wa kulenga shabaha, alimpiga risasi moja tu, na hatari ikaisha. Yote hayo yalipita kwa sekunde sita hivi. Je, mlinzi yule alitenda dhambi? Sithubutu kusema hivyo. Aliwaokoa wengi. Lakini jueni pia kwamba mmoja wa wale wawili waliouawa alikuwa naye na bastola, akajaribu kuitoa, asiwahi. Silaha ile ile, kanisa lile lile.

Na mambo mengi hayatokei kanisani wala barabarani. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto katika Marekani. Katika hao 20,958 waliuawa na wengine, na 26,328 walijiua wenyewe. Someni tena hesabu hiyo. Mtu hununua bastola akimwogopa mwizi, kumbe atakayeishika usiku mmoja wa huzuni ni yeye mwenyewe, au mkewe, au mwanawe. Mtu aliyeona vita, afanyaye kazi usiku, mbali na mama yake, je, hana usiku wa namna hiyo? Nilimwuliza hivyo wazi. Kati ya ndugu ni afadhali kuulizana.

Katika mwaka ule ule, jimbo la Michigan, baba mmoja alimnunulia mwanawe wa miaka 15 bastola. Siku iliyofuata mama alimpeleka kijana uwanjani wakapige shabaha pamoja, kwa furaha. Tarehe 30 Novemba kijana aliichukua shuleni, akawaua wanafunzi wanne. Mwaka 2024 mahakama iliwahukumu wazazi wote wawili kifungo cha miaka 10 hata 15, si kwa kuua wao wenyewe, bali kwa sababu ya uzembe wao. Tazameni: ule mchezo nilioutetea hapo juu haukumponya mtu. Sheria ya uwanjani hukaa uwanjani, isipokuwa mtu ameichukua moyoni mwake kwenda nayo nyumbani, akafunga kufuli na kuificha funguo, akamtazama mwanawe usoni.

Nikamjibu mdogo wangu hivi. Mchezo, na uendelee. Bastola, kama ataka kuinunua kwa ajili ya mchezo, na iwe ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na risasi mahali pengine. Kuivaa usiku sikumkataza, kwa kuwa si mimi nipitaye katika barabara ile. Lakini nilimwekea masharti ambayo serikali haikumwekea. Asiivae siku aliyokunywa hata chupa moja. Asiivae siku aliyogombana na mtu. Hasira ni hasara kwa mwenye mikono mitupu, sembuse kwa mwenye silaha. Tena ajipime: ikiwa tangu kuivaa ameanza kupita njia aliyokuwa akiikwepa, au kujibu matusi aliyokuwa akiyanyamazia, basi aivue siku hiyo hiyo. Mwisho nilimwuliza kama kazi ya mchana haipatikani katika ghala lile, hata kwa mshahara mdogo zaidi. Wenzake hawakumshauri hivyo, nadhani kwa kuwa njia hiyo haina utamu.

Barua yake ya pili ilifika juma lililopita. Asema kwamba katika mashindano ya Jumamosi alikuwa akikimbia upande wa kushoto huku akibadili magazini, na mdomo wa bastola ukauvuka ule mstari. Msimamizi alimsimamisha, akamtoza bastola kwa upole na kumwambia kwamba amekwisha kwa leo. Aliona aibu, walakini hakuenda nyumbani. Alibaki hata jioni akiwasaidia wengine kubandika matundu ya shabaha. Juu ya kazi ya mchana ameuliza, hajajibiwa. Juu ya kuivaa bastola, aandika kwamba bado anafikiri.