Jani la Dawa na Sumu ya Shamba

Sisi watu wa pwani hununua rehani, mchaichai na majani ya mwarobaini kwa ajili ya mgonjwa, wala hatumuulizi muuzaji ila bei. Ikiwa jani hilo lilinyunyiziwa sumu ya wadudu juzi, na ajuaye akanyamaza, je, hiyo si ghishi? Mimi naiona ni ghishi, tena mbaya kuliko ya maziwa yaliyotiwa maji, kwani anayedhulumiwa ni mgonjwa.

Mkulima atajibu kuwa sumu ni dharura. Neno hili si la kupuuzwa. Katika bonde la Lambwe, karibu na Ziwa Victoria, malale yalipozuka, ndege zilinyunyiza endosulfani mwaka 1981 ili kuwaua mbung'o. Watu walikuwa hatarini. Nani atawalaumu walioamuru? Hata hivyo mbung'o walipungua, hawakwisha. Na mwaka 2011 sumu hiyo ikatiwa katika Mkataba wa Stockholm miongoni mwa zile za kukomeshwa duniani. Dharura ina mpaka wake, na wadudu wa kitalu cha rehani si malale.

Tena iko njia nyingine, nayo ilijaribiwa jirani na bonde hilo hilo. Huko Mbita, katika kituo cha icipe, Zeyaur Khan na wenziwe walianza katika miaka ya 1990 kuwaonyesha wakulima namna ya kupanda desmodiamu, mmea utambaao wa jamii ya kunde, baina ya mistari ya mahindi, na nyasi ya nepia pembezoni. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo ambao funza wao hutoboa mabua. Nepia huwavuta nje. Mizizi ya desmodiamu nayo hulizuia gugu la kiduha, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Kweli, desmodiamu si dawa ya mtu, ni chakula cha ng'ombe. Lakini mrehani na mwarobaini vina siri iyo hiyo: ukali tunaoutafuta kwa ajili ya mgonjwa ndio silaha ya mmea juu ya wadudu. Mrehani ukipandwa baina ya mboga huwakimbiza baadhi yao. Ajabu ni kuumwagia sumu mmea wenye silaha yake!

Ila kilimo hiki chataka jasho. Desmodiamu huota polepole, na msimu wa kwanza hupaliliwa kwa uangalifu mwingi. Basi mnunuzi atakaye jani safi kwa bei ya jani la sumu, naye ana fungu katika ghishi ile.