Ni Nani Ajuaye Maumivu ya Mgonjwa?

Liko swali ambalo wenye hekima wamelitafakari tangu zamani, nalo lafika kila siku vitandani mwa hospitali zetu: je, mtu aweza kuyajua maumivu ya mwenzake? Homa ina kipimajoto, damu ina darubini, mfupa uliovunjika una eksirei. Lakini maumivu, uchovu, hofu ya usiku, na aibu ya kushindwa kwenda msalani peke yako, havina chombo. Shahidi wake ni mmoja tu, naye ni mgonjwa mwenyewe.

Kwa muda mrefu shahidi huyo alitiliwa shaka. Mtu akipasuliwa nyonga, kilichoandikwa ni kama jeraha limepona na kama yu hai. Siku hizi mambo yamebadilika. Huko Uingereza, tangu Aprili 2009, wagonjwa wanaobadilishiwa nyonga au goti katika huduma ya afya ya serikali hupewa karatasi ya maswali kabla ya kupasuliwa, na nyingine miezi sita baadaye. Wa nyonga huulizwa: Waweza kuvaa soksi mwenyewe? Waweza kupanda ngazi? Je, maumivu hukusumbua kitandani usiku? Majibu hayo hayapitii kinywani mwa daktari.

Huko New York nako walijaribiwa wagonjwa 766 wa saratani kati ya mwaka 2007 na 2011. Baadhi yao walijieleza wenyewe kwa kompyuta juu ya dalili 12, na dalili ikizidi mwuguzi alipelekewa taarifa. Wengine walitunzwa kwa desturi ya kawaida. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2017, nusu ya wale waliojieleza walikuwa wameishi zaidi ya miezi 31, na nusu ya wenzao miezi 26. Hatudhani kwamba karatasi au kompyuta yaponya saratani. Twadhani walisikiwa mapema.

Sisi tuliofundisha katika chuo cha ualimu twalijua vema tatizo la alama. Insha ile ile, mwalimu mmoja aipa 70, wa pili aipa 48, na wote wawili wana vyeti. Basi saba ya mgonjwa huyu si saba ya yule wa kitanda cha pili, na mtu akizijumlisha kama magunia ya mahindi atapotea. Lakini mwalimu mwema hulitazama daftari la mtoto yule yule, la Januari na la Juni. Hata hapo pana shida, maana mgonjwa huzoea. Aliyelala miaka miwili huita nafuu kile ambacho zamani angekiita balaa. Namba yake haikusema uongo, ila haimpi mwenye hospitali ruhusa ya kudhani kazi imekwisha.

Tena maswali yenyewe hutoka mbali. Karatasi moja ya Marekani yenye maswali 36, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili kwa Tanzania ilitangazwa mwaka 1999, katika asili yake yauliza kama mtu aweza kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Mwulize hivyo mkulima wa Muheza, naye atakosa alama kwa kuwa hajaiona mashine, si kwa kuwa mgongo wamwuma.

Kwetu lipo gumu zaidi, nalo ni adabu. Mtu akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo", hata kama ameletwa kwa machela. Husema kwanza ni salama, ndipo aeleze msiba. Mwuguzi akipita wodini kwa haraka na kuuliza, "Waendeleaje, mama?" atajibiwa, "Namshukuru Mungu." Ataandika kwamba hali ni nzuri, na mama atalala bila dawa. Hakuna aliyesema uongo hapo.

Kwa hiyo twakipongeza chama cha Afrika cha tiba shufaa, kilichoundwa rasmi Arusha mwaka 2004 na chenye makao yake Kampala. Karatasi yao ina maswali kumi tu, kila moja kuanzia sifuri hadi tano, na mgonjwa aweza kujibu kwa mkono. Kwa maumivu, ngumi iliyofungwa ni hakuna. Vidole vitano ni makali kupita yote. Bibi asiyejua kusoma hujibu sawasawa na profesa. Tena haulizwi maumivu tu. Aulizwa kama ameweza kumweleza mtu yaliyo moyoni, na kama anayo amani. Daktari Cicely Saunders, Mwanglikana mwenzetu aliyefungua nyumba ya wagonjwa ya St Christopher's huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ni ya mwili, ya nafsi, ya jamaa na ya roho pamoja.

Maswali matatu kati ya hayo kumi ni ya ndugu anayemwuguza, na saba ni ya mgonjwa. Mgawanyo huu twaupenda sana. Kwetu mwana hujibu huku mama akitazama ukuta. Hufanya hivyo kwa upendo, lakini kinywa si cha mama. Nasi tuzungukao nyumba za wagonjwa baada ya ibada, yafaa mara nyingine kumwomba mwana akatuchemshie chai, tubaki na mama.

Linalotusumbua zaidi ni hili: aulizaye amejitwika deni. Kama karatasi zakusanywa kwa ajili ya utafiti na kufungiwa kabatini, huku aliyenyosha vidole vitano hapati kitu, tumemchukulia maskini maneno yake bure. Wako wasemao takwimu zitawafaa wagonjwa wa kesho. Ni kweli, lakini basi mgonjwa wa leo aambiwe hivyo waziwazi kabla ya kuulizwa, naye awe huru kukataa. Na kama mofini ipo katika hospitali, aliyenyosha vidole vitano Jumatatu asubuhi apewe, kisha aulizwe tena jioni ile ile.