Hataki au Hawezi?

Yako maswali ambayo huonekana kuwa ya ofisini tu, lakini tukiyatazama vema twaona kwamba ni maswali ya dhamiri. Mojawapo ni hili: mtu akisema kwamba ugonjwa umemzuia kufanya kazi, si kwa wiki moja wala mbili bali kwa miaka, ni nani wa kumwamini, na kwa ushahidi gani? Hapa kwetu Mpanda, na katika Mkoa wote wa Katavi, swali hili huingia nyumbani mwa mwalimu, mwa mchimbaji wa dhahabu na mwa mkulima wa mpunga. Wa kwanza ana hati ya mshahara. Wa pili na wa tatu hawana. Yafaa tulitafakari kwa utulivu.

Wengi hulijibu kwa haraka kwa kumtaja Mtume Paulo, aliyewaandikia Wathesalonike habari ya kazi na chakula. Lakini tusome kwa uangalifu. Mtume alimkemea mtu asiyetaka kufanya kazi, hakumsema asiyeweza. Na lugha yetu yenyewe ilikwisha kulitambua jambo hili zamani. Watu wa pwani walipotaka kusema kwamba fulani ni mgonjwa, walisema tu, "Hawezi." Hawakuongeza neno. Kwao kuugua na kutoweza vilikuwa kitu kimoja. Siku hizi mtu husema "siwezi", na jirani yake husikia "sitaki".

Sababu moja ni kwamba magonjwa mengi ya siku nyingi hayaonekani kwa macho. Mguu uliovunjika hujieleza wenyewe, na kila mtu humpisha mwenye magongo. Lakini nani aziona figo zilizochoka, au moyo uliopanuka, au sukari iliyoharibu mishipa ya fahamu? Mgonjwa wa sikoseli aweza kuonekana mzima Jumatatu, na Jumatano akalala akilia kwa maumivu ya mifupa. Mwenye kifafa aweza kuwa na nguvu za kulima, lakini si salama kumkabidhi usukani wa lori wala kumpandisha juu ya paa. Watu humwona mgonjwa sokoni asubuhi; hawamwoni jioni, alipolipa gharama ya safari hiyo kwa kulala chini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nchi yetu nayo imehangaika na swali hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kwamba kila awezaye kufanya kazi afanye, asiishi kwa jasho la mwenzake. Likawataja wasiohesabiwa katika deni hilo: watoto wadogo, wazee, vilema, na wale ambao Serikali kwa wakati fulani haiwezi kuwapatia kazi. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini mgonjwa wa siku nyingi hakutajwa kwa jina. Hakuwa mtoto, hakuwa mzee, na kilema chake, kama tukikiita hivyo, kilikuwa ndani ya mwili. Ilipokuja kampeni ya Nguvu Kazi mwaka 1983, watu mijini walikamatwa na kupelekwa vijijini kwa kukosa kuonyesha kwamba wana kazi. Askari aliyesimama barabarani hakuwa na njia ya kumpima mtu figo. Alitazama karatasi, na asiye nayo aliitwa mzururaji.

Leo sheria zimeongezeka, na ni wajibu wetu kuzijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari. Kwa ugonjwa au ajali iliyotokana na kazi yenyewe, iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayeuchangia, si mfanyakazi. Na kwa yule ambaye hataweza tena kujipatia riziki, hata kama kazi siyo iliyomwuguza, iko pensheni ya ulemavu katika mifuko ya hifadhi ya jamii: NSSF, na kwa watumishi wa umma PSSSF, iliyoundwa mwaka 2018. Katika NSSF, jopo la madaktari lazima lione kwamba mtu amepoteza theluthi mbili za uwezo wake wa kujipatia kipato, na lazima awe amechangia kwa idadi ya miezi iliyowekwa.

Wako wanaozilaumu karatasi hizi na majopo haya, wakisema kwamba ni ukatili kumtaka mgonjwa athibitishe maumivu yake. Sisi hatusemi hivyo. Fedha za mfuko ni jasho la watu wengi waliokatwa mwezi baada ya mwezi, nao wana haki ya kujua kwamba zinalindwa. Mfuko usiouliza maswali hukauka, na ukikauka, wa kwanza kuumia ni mgonjwa wa kweli. Tena karatasi ina heshima yake. Ujerumani ilipotunga sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, na ya pensheni ya uzee na ulemavu mwaka 1889, ilikubali jambo kubwa: kwamba mfanyakazi aliyeugua adai alichokichangia, badala ya kuomba sadaka mlangoni. Fao ni haki. Mwenye haki hapigi magoti. Hutoa hati yake na kusubiri jibu.

Lakini karatasi ina mpaka wake, nao mpaka huo wapita katikati ya mji wetu. Wazee wanakumbuka kwamba reli kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Hata leo wengi wetu huishi kwa mawe: vijana hushuka katika maduara ya dhahabu, na wengine husimama kutwa kwenye karasha, mahali ambapo mwamba husagwa na vumbi lake hupanda kama moshi. Vumbi hilo la mawe laweza kuleta ugonjwa wa mapafu ambao madaktari huuita silikosisi. Mara nyingi huchukua miaka mingi kabla ya kujionyesha, hauna dawa ya kuuponya, na humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Basi fikirini kijana aliyechimba tangu ana miaka 20, leo kwa bosi huyu, kesho kwa yule, kwa mgawo wa mawe badala ya mshahara. Akifika miaka 40 hawezi kupanda ngazi tatu bila kupumzika. Atamwendea nani? Sheria ya fidia humwuliza, "Mwajiri wako ni nani?" Mfuko humwuliza, "Michango yako iko wapi?" Ugonjwa wake ni ule ule ambao ungemletea mwingine pensheni. Kilichokosekana ni jina lake katika orodha.

Wenzetu wa Afrika Kusini wametupa fundisho. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya kuwalipa wachimbaji wa dhahabu wenye silikosisi na kifua kikuu, na wajane na watoto wa waliokufa. Ulikuwa ushindi wa watu walioambiwa kwa miaka mingi kwamba wamezeeka tu, au kwamba wamevuta sigara mno. Hata hivyo makubaliano yale yanawahusu waliofanya kazi tangu Machi 1965. Watanganyika waliokwenda kwenye migodi ile chini ya wakala wa Wenela waliandikishwa zaidi kabla ya hapo, maana Serikali yetu ilisimamisha uandikishaji ule baada ya Uhuru. Mapafu yao yalivuta vumbi lile lile. Tarehe ndiyo iliyowaacha nje. Hatusemi kwamba mahakama ilikosea, kwa kuwa kila sheria huanza mahali fulani. Twasema kwamba tusiidhanie orodha ya wanaostahili kulipwa kuwa ndiyo orodha ya wanaougua.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Kila mgonjwa wa siku nyingi hukabili mabaraza mawili. La kwanza ni la madaktari, ambalo humpima, huandika, kisha humwacha aende. La pili ni la majirani, ndugu na wafanyakazi wenzake. Hilo hukaa kila siku, halina kipimo, na halitoi hukumu ya mwisho. Sisi tuliofundisha katika chuo cha ualimu twalijua vizuri, maana daftari la mahudhurio huonyesha nani alikuwepo na nani hakuwepo. Halionyeshi nani alifika kwa kujikokota. Alikuwapo mwalimu mwenzetu mmoja ambaye viungo vyake vilivimba asubuhi hata asiweze kushika chaki, na kufika alasiri vikalegea. Katika chumba cha walimu watu walisema ana ugonjwa wa vipindi vya asubuhi. Baada ya miaka miwili daktari mmoja alimwandikia jina la ugonjwa wake. Tangu siku hiyo walimletea uji. Ugonjwa haukubadilika kwa karatasi ile hata kidogo. Waliobadilika ni watu.

Je, ni haki kwamba karatasi ndiyo ituruhusu kuwa na huruma? Hapa twaomba wasomaji wapime pamoja nasi. Kuna makosa mawili yawezekanayo. La kwanza ni kumwamini mvivu, na hasara yake ni bakuli la ugali na siku chache za kazi. La pili ni kumkatalia mgonjwa, na hasara yake ni kwamba ataficha maumivu, atabeba asichoweza kubeba, ataacha dawa ili aonekane mzima, na mwisho atakufa mapema huku akiitwa mvivu. Makosa haya hayalingani uzito. Mfuko, unaotunza fedha za maelfu, lazima ujilinde na lile la kwanza, ndiyo maana una majopo. Jirani hana hazina ya kulinda ila moyo wake, naye yampasa aliogope zaidi lile la pili. Tatizo letu ni kwamba tumeigiza ukali wa mfuko bila kuwa na fao la kutoa.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuwasaidie wagonjwa kupata karatasi zao, maana kwa wenye ajira ndizo funguo za haki yao. Mtu aliyechoka hukata tamaa anapoambiwa arudi kesho. Mwenye nguvu amsindikize. Atunze kila cheti, kila kadi ya kliniki na hati za mshahara, na atoe taarifa kwa mwajiri mapema. Pili, wenye kazi zao wenyewe wafikirie kujiunga na NSSF kwa hiari wakingali na afya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, yahusu matibabu. Haimpi mtu unga wa kula akiwa hawezi kulima. Tatu, wenye machimbo wajue kwamba kumwagia mawe maji wakati wa kusaga ni rahisi kuliko kuzika. Nne, waganga wetu waandike kwa ukamilifu: si jina la ugonjwa tu, bali kazi ambayo mtu huyu hawezi kuifanya, na kwa muda gani. Mstari mmoja ulioandikwa vizuri huweza kumwokolea mtu safari tatu.

Na kwa wale ambao hakuna karatasi itakayowafikia, wakulima na wachimbaji na mama wauza vitumbua, sisi ndio hifadhi yao ya jamii. Kwao hatuna haja ya jopo. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hawakusema kwanza athibitishe njaa yake.