Mizani Kabla ya Mlima

JUMANNE

Soma Marko 6:7–13 na Waebrania 12:1, 2. Yesu aliwaruhusu wanafunzi kubeba nini, na aliwataka waache nini? Kwa nini?

Likizo zinapokaribia, wazazi wengi huenda Kariakoo kuwanunulia vijana wao wa Watafuta Njia mabegi ya mgongoni kwa ajili ya kambi. Wengi huulizia begi kubwa kuliko yote. Lakini begi kubwa halikubali kubaki na nafasi: blanketi la pili huingia, kisha viatu vya ziada. Mpanda mlima mzoefu hutandaza vitu vyake sakafuni, huvipima, kisha hupunguza. Maji hayaachi, ingawa kila lita ni kilo nzima. Koti la mvua haliachi. Lakini watu wanne wanaopika pamoja hawahitaji sufuria nne.

Yesu naye hakuwatuma wanafunzi bila kitu. Fimbo na makubazi viliruhusiwa, kwa kuwa vilisaidia kutembea. Kilichoachwa ni akiba: chakula, mfuko, fedha, nguo ya kubadilisha. Mwenye akiba ya kumtosha hana haja ya kubisha hodi kwa watu, wala ya kumtegemea Mungu kwa mlo wa jioni.

Angalia pia kwamba Waebrania 12:1 inataja mambo mawili: dhambi, na uzito. Si kila uzito ni dhambi. Mkopo wa kupanua duka ni halali. Biashara ya pili ni halali. Hata hivyo vinaweza kumchelewesha mkimbiaji. Kwa hiyo kuuliza, "Je, hiki ni dhambi?" hakutoshi. Tuulize pia, "Je, kinanisaidia kufika?"

Soma Mathayo 23:4 na Wagalatia 6:2, 5. Mizigo yetu hubebwa na nani?

Katika Mlima Kilimanjaro, mzigo wa mpagazi hupimwa langoni, na kikomo ni kilo 20. Mizani ile ipo kwa sababu mgeni anapojaza begi lake, mgongo unaoumia mara nyingi si wake. Jina la Kariakoo lenyewe linatukumbusha jambo hilo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Walibeba vita ambayo hawakuianzisha.

Nyumbani nako kuna wapagazi. Deni ambalo baba amelificha hubebwa na mama anapokwenda sokoni. Kazi inayomeza kila jioni hubebwa na mtoto anayelala kabla mzazi hajarudi. Paulo anatuagiza tuchukuliane mizigo, kisha anasema kila mtu atabeba furushi lake mwenyewe. Hapingani na nafsi yake: tunamsaidia aliyelemewa, wala hatumtwishi mwenzetu kile tulichopaswa kukiacha.

Tafakari: Taja kitu kimoja halali unachokibeba sasa. Ni nani nyumbani mwako anayehisi uzito wake kuliko wewe? Utazungumza naye lini kabla ya Sabato hii?