Msomeni Waziri kwenye Hansard

Wanangu,

Mnaniletea video kwenye simu. Waziri wa ardhi amesimama uwanjani, umati umemzunguka, mama mjane analia kwamba kiwanja chake kimechukuliwa. Waziri anamwita afisa ardhi mbele ya watu, anamwamuru hati ya mama itoke kabla ya Ijumaa. Watu wanapiga vigelegele, nanyi mnaniuliza kama huyo si ndiye waziri tunayemtaka. Mama yule amepata haki yake, na Mungu ashukuriwe. Lakini waziri hakupewa wizara ili amalize kesi ya mama mmoja. Mimi nimefanya kazi masjala ya ardhi ujana wangu wote na sehemu ya uzee. Nimeshika majalada ambayo ndani yake kiwanja kimoja kina barua za toleo mbili, za watu wawili, zote zina mhuri. Majalada ya namna hiyo hayamalizwi na hasira ya kiongozi kwenye mkutano. Yanamalizwa na sheria na fedha, na vitu hivyo viwili hupatikana Dodoma, ndani ya ukumbi wa Bunge.

Kwa hiyo nawausia: mkitaka kumjua waziri wa ardhi, msomeni kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na msome pamoja na habari za fedha. Ardhi ya mjini na hazina ya umma ni jambo moja, ingawa tumezoea kuyazungumza mbalimbali.

Nitawapa mfano wa mtu mnayemfahamu. Mheshimiwa William Lukuvi, aliyeingia bungeni 1995 kwa jimbo la Ismani, aliingia Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi Januari 2015 na kutoka Januari 2022. Alipokea wizara baada ya Profesa Anna Tibaijuka kuondolewa katika sakata la fedha za akaunti ya Escrow, akahudumu chini ya marais watatu, akasoma hotuba saba za bajeti. Ni wachache waliokaa pale muda mrefu hivyo. Waziri wa mwaka mmoja anaweza kusema alikuta mambo yako hivyo. Wa miaka saba tunayo haki ya kumsoma mwanzo hadi mwisho.

Na msomapo mumtendee haki. Kabla yake, mtu wa Bukoba aliyetaka jambo lake lifike kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi alipanda meli au basi kwenda Mwanza, kwa sababu ofisi zilikuwa za kanda. Mwaka 2020 ofisi za ardhi zikafunguliwa katika mikoa yote. Tozo ya mbele, ile inayolipwa kabla hujapewa hati, ilikuwa asilimia 7.5 ya thamani ya ardhi, ikashushwa hadi 2.5. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, mabaraza ya ardhi ya kata yakaondolewa mamlaka ya kuhukumu, yakabaki kusuluhisha. Mimi naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Nimeona mabaraza ambayo mjumbe wake ni jirani wa mdai na shemeji wa mdaiwa, halafu yanatoa hukumu juu ya nyumba ya mtu. Haya yote ni mambo ya sheria na kanuni, yanamfikia hata mwananchi ambaye hajawahi kuonana na waziri.

Sasa njooni kwenye fedha, maana huko ndiko ninakotaka mkae zaidi.

Miji yetu imejengwa kwanza, ikapangwa baadaye. Watu wa Kimara, Manzese, Mbagala, Buguruni walinunua kipande kwa mjumbe, wakaandikishana kwenye karatasi ya daftari, wakainua ukuta. Serikali ikaja na programu ya urasimishaji ya mwaka 2013 hadi 2023. Mtaa unaunda kamati, kampuni binafsi inapewa kazi ya kupanga na kupima, wenyeji wanachanga. Waziri aliweka bei elekezi ya shilingi 150,000 kwa kiwanja. Bei ile ilimsaidia mnyonge. Lakini angalieni nani aliyekuwa analipia mpango wa mji: ni mwenye nyumba mwenyewe, kwa mchango wa mtaani. Pale ambapo nusu ya watu hawakuchanga, kampuni ilisimama, na wale waliochanga wakabaki na risiti na bikoni mbili tatu kwenye kona ya ukuta. Waziri aliyakemea makampuni bungeni na nje ya Bunge, na alikuwa na haki ya kukemea. Lakini kemeo haliwezi kuziba pengo la bajeti. Kupima mji ni kazi ya umma, na kazi ya umma isipotengewa fedha za umma humwangukia mwenye kipato kidogo kuliko wote.

Halafu ukaja mkopo wa KKK: kupanga, kupima na kumilikisha. Hazina ikatoa shilingi bilioni 50 bila riba, zikaenda kwenye halmashauri zaidi ya 50. Utaratibu wake ulikuwa mzuri. Halmashauri inatwaa eneo na kuwafidia wenyeji, inapima, inauza viwanja, inarudisha mkopo, na fedha zinakwenda halmashauri nyingine. Tulishaona mfano wake Dar es Salaam kwenye mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, uliozaa Tuangoma, Kibada, Bunju na Mbweni tunazozijua leo. Lakini mzunguko ule unategemea kurejesha. Mheshimiwa Lukuvi alipoondoka, mawaziri waliomfuata na kamati za Bunge wakawa na kazi ya kuzihimiza halmashauri zirejeshe. Hapo ndipo kijana mwenye akili anatakiwa kuuliza: halmashauri yangu ilichukua kiasi gani, ilipima viwanja vingapi, imeuza vingapi, na fedha ziko kwenye akaunti gani? Maswali hayo hayahitaji shahada, yanahitaji kujua kwamba mkopo ulikuwepo.

Mtasema halmashauri ni wazembe. Baadhi ni wazembe kweli. Lakini mzitazame mapato yao. Kodi ya pango la ardhi, ambayo mwenye hati hulipa kila mwaka, ilikuwa na ahadi kwamba asilimia 30 ya makusanyo itarudi kwenye halmashauri iliyokusanya. Wabunge wamelalamika miaka na miaka kwamba fedha hizo hazirudi, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) naye ameliandika. Kodi ya majengo ilikuwa chanzo cha halmashauri. Mwaka 2016, Dkt. Philip Mpango akiwa Waziri wa Fedha, Sheria ya Fedha ikaihamishia Mamlaka ya Mapato (TRA). Kwa hiyo ofisa mipango miji wa manispaa alitakiwa kupanga barabara, soko na eneo la shule, na fedha zilizotokana na majengo ya mji huohuo zilikuwa zimekwenda kwingine. Akawa anasubiri zirudi. Wakati anasubiri, eneo la shule likawa limeshauzwa vipande kumi na watu wameshahamia.

Kuna jambo la kodi hii mnaligusa kila mwezi. Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ukinunua umeme wa kwanza wa mwezi, kodi inakatwa; mwanzoni ilikuwa shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 viwango vikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Mpangaji wa chumba kimoja Tandika anaingiza namba za luku usiku, anaona uniti zimepungua, hajui kwamba amelipa kodi ya nyumba ya mwenye nyumba wake. Aliambiwa akaelewane naye wenyewe kwa wenyewe. Wangapi wameelewana? Hilo ni moja. La pili ni kubwa zaidi. Kwa nyumba ya kawaida, kiwango ni sawa nchini kote. Nyumba ya chini ya Masaki yenye bustani na geti la umeme inalipa shilingi 18,000 kwa mwaka, na nyumba ya vyumba viwili ya Mbagala Chamazi inalipa 18,000 hiyohiyo. Najua sababu: kuthamini nyumba moja moja ni kazi ghali, nyumba zilizothaminiwa zilikuwa chache, na LUKU inakusanya bila kugonga mlango. Hoja hizo nazikubali. Lakini barabara ya lami ikipita mbele ya kiwanja, bei ya kiwanja hupanda mara dufu kwa fedha za umma, na kupitia kodi hii umma haupati chochote kutokana na kupanda kule. Huo ndio mjadala ambao Bunge lilitakiwa kuukeshea. Katafuteni ni wabunge wangapi waliusema, na mbunge wenu alikuwa wapi siku kodi hii ilipojadiliwa.

Jifunzeni namna Bunge linavyoshika fedha. Bajeti ya ardhi, Fungu 48, husomwa mwezi Mei. Waziri anasoma hotuba, kamati inasoma maoni yake, kambi ya upinzani inasoma yake ikiwepo, wabunge wanachangia kwa dakika walizopewa. Kisha Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi, kifungu kwa kifungu. Kikifika kifungu cha mshahara wa waziri, mbunge mwenye hoja husimama na kusema atashika shilingi. Maana yake anaomba shilingi moja iondolewe kwenye mshahara wa waziri mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Wenzake wanasimama kumuunga mkono, hoja inajadiliwa, waziri anaahidi, na mara nyingi mbunge anairudisha shilingi. Muda ukiisha, gilotini inapita na mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa pamoja. Ukisoma Hansard utakuta ukurasa baada ya ukurasa vifungu vimepitishwa bila mabadiliko yoyote.

Msiidharau shilingi ile. Ahadi inayotolewa pale ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu imetolewa ili kunusuru bajeti na imeandikwa. Iandikeni nanyi. Andikeni tarehe, jina la mbunge na maneno ya waziri. Mwaka unaofuata, fungueni hotuba mpya muitafute. Mkikuta "Serikali inaendelea na mchakato", au "upembuzi yakinifu unaendelea", au "fedha zitakapopatikana", na maneno hayo yalikuwepo mwaka jana na mwaka juzi, basi mmeshapata jibu. Kisha leteni ripoti ya CAG, ambayo hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwekwa mezani Bungeni Aprili, kabla ya bajeti ya ardhi kusomwa. Ibara ya 143 ya Katiba ndiyo inayoiweka ofisi hiyo. Mtu mwenye hotuba mbili na ripoti moja mbele yake haongopewi kirahisi.

Nawaambia haya kwa sababu nimeona ahadi isiyofuatiliwa inavyowafanyia watu. Mji Mpya wa Kigamboni ulitangazwa 2008. Wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao. Miaka ikapita, fidia haijulikani, mji hauonekani. Mtu ana nyumba hawezi kuongeza chumba kwa ajili ya mwanawe aliyeoa, benki haitaki kuipokea kama dhamana, mnunuzi hamwelewi. Mbunge wao wa wakati ule, hayati Dkt. Faustine Ndugulile, alilisemea bungeni hadi likamfanya aonekane mkorofi kwa baadhi ya wenzake wa chama kimoja. Baadaye eneo la mradi likapunguzwa, na wakala uliokuwa umeundwa kuusimamia ukavunjwa. Hakuna kitabu kinachohesabu vyumba ambavyo havikujengwa miaka ile. Lakini Hansard inaonyesha nani aliuliza na nani alijibu nini, na aliyekuwa mkorofi ndiye aliyekuwa anawatetea watu.

Vilevile litazameni Shirika la Nyumba la Taifa, lililo chini ya wizara hiyohiyo. Majengo ya Morocco Square na ya Kawe yalisimama nusu kwa miaka, fedha za mkopo zilipokwama. Kila siku jengo likisimama, riba inatembea, na mlipaji wa mwisho ni mwananchi. Hilo ni suala la ardhi au la fedha? Ni yote mawili.

Hukumu yangu juu ya miaka ile saba ni hii. Mheshimiwa Lukuvi aliisogeza huduma karibu na mwananchi na alipunguza gharama ya hati, na hayo hayatafutika. Hakufanikiwa kuirudishia miji fedha inayotokana na ardhi yake, na sehemu kubwa ya kosa hilo si yake peke yake. Ni ya Hazina, na ni ya Bunge lililopitisha Sheria za Fedha mwaka baada ya mwaka bila kuilazimisha Serikali kueleza miji itajipanga kwa fedha gani. Kila waziri anayekuja anakuta tatizo lilelile. Akikosa nguvu ya fedha, anabaki kuzunguka nchi akitatua mgogoro mmoja mmoja, nasi tunampigia makofi.

Mwezi Mei ukifika, hotuba ya ardhi itasomwa tena na itawekwa kwenye tovuti ya wizara. Mmoja wenu aipakue, mwingine atafute majibu ya mwaka uliopita kwenye tovuti ya Bunge, wa tatu aende manispaa aombe kujua fedha za kupima viwanja ziko wapi. Mkimaliza, mpelekeeni diwani na mbunge wenu maswali kwa maandishi, mbaki na nakala, kisha myarudie kwenye mkutano wa mtaa mbele ya watu. Ibara ya 63 inampa mbunge wenu haki ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Mpeni swali la kuuliza.